Madebe Manne ya Maji Kwenye Landrova ya Bibi Shamba

Vijana wangu wa karakana,

Mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkampa mke wangu kitenge, mkanisomea hotuba tatu, nami nikaenda zangu nyumbani kupumzika. Nilipumzika siku nne. Siku ya tano mmoja wenu alikuja hapa kwangu, akala ugali wangu kwa bidii, akanawa, ndipo akasema shida yake. Mnataka kuifufua ile landrova kuukuu iliyolala nyuma ya stoo, na mmebishana kuhusu matairi. Alisema wengi wenu mnataka mapana, kwa sababu yanapendeza. Nilimwuliza kama gari linapelekwa harusini au porini. Akaniomba niandike.

Basi naandika. Mishahara sitaigusa, na vyeo vyangu mnavijua: vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja pamoja na funguo za choo cha ofisi. Nitasema habari za matairi, na mtu aliyenifundisha kuyachagua, na siku niliyokaribia kumpotezea mwanamke mmoja gari lake kwa ujuaji wangu.

Nilizaliwa kambi ya mkonge upande wa Kimamba. Baba alikuja kutoka Njombe kukata mkonge kwa mkataba wa miaka miwili, akasahau kurudi. Mimi nilipata kazi ya matrekta, na kwa miaka sita nilifungua na kufunga matairi makubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Bei ya mkonge ilipoanguka shamba lilipunguza watu, nami nikaja mjini Kilosa na barua ya meneja na mabega mapana. Zilikuwa siku za mwanzo za Ujamaa. Watu walikuwa wakihamia vijiji vipya, na kila kijiji kipya kilitaka mbegu, dawa, mikutano na wageni, na vyote hivyo vilikwenda kwa landrova. Karakana yetu ilikuwa na landrova saba na fundi wa matairi mmoja.

Fundi huyo alikuwa Mzee Mbaraka, mwenyeji wa Kidete, mfupi, mwenye kofia ya kiua ambayo haikuwahi kupata doa la grisi hata siku moja. Sijui alifanyaje. Asubuhi yangu ya kwanza nilimkuta amepanga matairi manne ukutani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unaitwa nani, na umetoka wapi?"

"Fidelis, Mzee. Nimetoka kwenye matrekta."

"Pole," alisema, kana kwamba nimefiwa. "Haya, Fidelis. Hapo yapi yanafaa kufungwa gari moja?"

Niliinama nikasoma ubavuni. Yote manne yalikuwa na namba ileile. Nikamwambia yote yanafaa. Alitoa mfukoni uzi wa katani wenye mafundo, akauzungusha kwenye tairi la kwanza, la pili na la tatu. Uzi ulifika kwenye fundo moja. Kwenye tairi la nne ulipita fundo kwa vidole viwili.

"Namba ni jina tu," alisema. "Kambini kwenu Fidelis walikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Mlikuwa mnavaa viatu sawa?"

Kisha alinieleza jambo ambalo nanyi lishikeni. Landrova za zamani, ukiziweka zivute kwa magurudumu yote manne, mbele na nyuma hufungwa pamoja bila huruma. Kama ya nyuma yameliwa na ya mbele ni mapya, madogo yanataka kuzunguka haraka na makubwa hayataki. Kwenye tope yatateleza na ugomvi utaisha. Kwenye njia ngumu hayatelezi, kwa hiyo ugomvi unaingia ndani ya gia, na utausikia siku ekseli inapokatika. Kwa hiyo pimeni mzunguko, yote manne na la spea, hata kama yamenunuliwa siku moja duka moja.

Halafu rimu. Nyinyi mnaanza na tairi, Mzee Mbaraka alianza na chuma. Aliiweka rimu chini, akaigonga kwa spana pembeni, hapa na pale, kichwa amekiinamisha. Rimu nzima hulia. Yenye ufa hutoa sauti ya sufuria yenye uji. Baada ya hapo alitazama matundu ya nati kama yamekuwa mayai, akapitisha kidole ndani kutafuta kutu itakayokwaruza tyubu, na mwisho akapaka poda. Poda ileile ya watoto. Mke wake alikuwa akilalamika kwamba nyumba haina mtoto mchanga lakini makopo ya poda hayaishi.

Kuhusu upana, alinipeleka kuona badala ya kunieleza. Tulikwenda kwao Kidete, kwenye mchanga wa Mto Mkondoa, tukiwa na matairi mapana, yale ya mia saba hamsini. Alipunguza upepo mpaka yakalalia ubavu kidogo, na gari likapita juu ya mchanga bila kuzama. Juma lililofuata, mvua ilipokwisha kunyesha siku tatu mfululizo, alinipeleka kwenye mbuga za upande wa Kilangali na mapana yaleyale. Tulikaa kule saa tano. Hakunikaripia wala hakusukuma. Alikaa kwenye boneti akila muwa na kunisubiri nijifunze.

Nilichojifunza ni hiki. Udongo mweusi wa mbuga, ukilowa, unakuwa na tope la kina cha kiganja au zaidi, na chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba, lile la mia sita, linakata tope kama kisu na kuifikia hiyo ardhi. Pana linaelea juu, linateleza, linakwenda mtaroni kwa heshima zote. Tena yale ya kashata, yenye vipande vikubwa tunavyovipenda, yakijaa udongo huo yanakuwa laini kama andazi. Jembamba nalo hujaa, ila kwa kuwa limekanyaga chini linaendelea.

Ningekuwa na akili ningeyashika hayo milele. Lakini nilikuwa nimeyasikia tu, na kati ya kusikia na kushika mimi huwa nahitaji aibu kidogo.

Aibu yenyewe ilikuja kwa njia ya Bibi Shamba Paulina. Wakati ule mtaalamu wa kilimo wa kiume aliitwa Bwana Shamba, na wa kike Bibi Shamba. Wetu alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Kwa miaka mitatu alizunguka vijiji kwa baiskeli. Aliandika barua kuomba gari, akajibiwa avumilie. Akaandika nyingine. Nadhani walichoka kumjibu, wakampa landrova fupi yenye turubai, iliyozaliwa kabla ya Uhuru, na ikabainika kwamba leseni alikuwa nayo siku zote, mkobani. Hakutaka dereva. Wanaume wa ofisini waliumwa roho kweli. Landrova ilipopita walisimama dirishani kuhesabu gia anazokosea.

Alipoleta gari karakana mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mzee Mbaraka aliniambia nimvalishe membamba. Stoo ilikuwa na mawili tu, tena yameliwa nusu, huku matairi mapana mapya, ya kashata, yalikuwa yamefika yakinukia mpira. Nikaona huyu mama amehangaika vya kutosha, anastahili vitu vipya. Nikamfunga mapana manne, nikayafuta vumbi. Alinishukuru sana, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Alikwama juma lile kwenye njia ya Mikumi. Alikwama tena juma lililofuata, palepale. Mkuu wetu wa ofisi, Ndugu Lazaro, alimwita barazani mbele yetu sote. Ndugu Lazaro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnyofu, mwenye suruali yenye mstari wa pasi, na tatizo lake lilikuwa moja: akisema neno, hata likiwa bovu, hakulirudisha.

"Bibi Shamba, gari ni mali ya umma. Ukikwama mara ya tatu, linakwenda Morogoro, na wewe utarudi kwenye baiskeli yako."

"Nimesikia, Ndugu," alisema Bibi Shamba.

Akaubana mkoba kwapani. Nilitamani ardhi inimeze, maana aliyemkwamisha mara mbili ni mimi. Siku hiyohiyo Mzee Mbaraka alipata taarifa ya msiba wa dada yake, akaenda Kidete kwa juma zima. Nikabaki peke yangu na kosa langu, na badala ya kulifuta nikaamua kuliboresha.

Mnajua trekta linapovuta katika tope hutiwa maji kwenye matairi ya nyuma, ili liwe zito na lishike chini. Kule kwenye mkonge nilikuwa nimefanya hivyo mara mia. Unasimamisha gurudumu valvu ikiwa juu, unatoa sindano yake, unaunganisha mpira wa maji, unajaza robo tatu, kisha unamalizia na upepo. Nilisema moyoni, trekta halikwami, basi na landrova hii haitakwama. Kila tairi la nyuma lilikunywa madebe mawili. Nilihesabu, nikapiga mluzi, nikamkabidhi Bibi Shamba funguo nikimwambia kwamba safari hii nimemtengenezea kitu maalumu.

Trekta, jamani, linakwenda mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Bibi Shamba alikuwa akienda mwendo wa mtu mwenye vijiji sita. Maji yalianza kucheza ndani. Alinisimulia baadaye kwamba gari lilikuwa likitikisika kama lina homa, na alipokanyaga breki karibu na daraja dogo, gari lilitaka kusimama lakini maji hayakutaka. Likaingia mtaroni kwa pua.

Ndugu Lazaro alikuwa njiani kutoka mkutanoni na dereva wake, nami nilikuwa nimepanda nyuma ya gari lao kurudi mjini na jeki iliyotengenezwa. Tuliwakuta wanakijiji wamelizunguka gari. Ndugu Lazaro alishuka, akatoa amri kama anavyopaswa kiongozi, kwamba mtu apunguze upepo kwenye tairi la nyuma ili lishike. Mzee mmoja aliinama akabonyeza valvu. Maji yakamruka usoni.

"Gari linakojoa!" alipiga kelele, na kina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ndugu Lazaro hakucheka. Alijipangusa shati.

"Nani alitia maji humu?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake na jeki mkononi. Bibi Shamba alinitazama mara moja tu.

"Gari ni langu, Ndugu. Nitalijibia mimi."

Nawaambieni ukweli, sijawahi kuona haya kama siku ile. Nikapiga hatua mbele, nikasema ni mimi. Ndugu Lazaro alinitazama juu mpaka chini. Alisema kwamba kwa kuwa fundi amekiri upuuzi wake, mara hii haitahesabiwa. Lakini siku ya Alhamisi mbegu ya pamba ilikuwa ya kupelekwa kijiji kipya upande wa Mikumi, na yeye mwenyewe angefuata nyuma na gari lake jipya, aone kama ubovu uko kwenye njia au kwa dereva.

"Na gari litakalokwama siku hiyo," alisema, watu wote wakisikia, "sitaki kuliona tena wilayani kwangu."

Kuanzia hapo karakana nzima iliniita Bwana Maji.

Mzee Mbaraka alirudi Jumanne. Nilimpa pole ya msiba, kisha nikamweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza kwa uso wa msiba mpaka nilipofika kwenye madebe manne.

"Kwani tairi lilikwambia lina kiu?" aliuliza, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka. Ilidondokea kwenye kitambaa safi, bila shaka. Alipomaliza alifuta machozi akasema: "Huyu mama hatarudi kwenye baiskeli. Lete uzi."

Membamba yalikuwa mawili stoo, chini ya magunia. Tulihitaji manne yanayolingana, na spea tukaamua kuisahau kwa siku moja. Mzee Mbaraka aliwaza kidogo, akanichukua sokoni kwa Athumani muuza maji. Mkokoteni wa Athumani ulikuwa na ekseli ya landrova iliyokufa, na magurudumu yake yalikuwa ya mia sita. Uzi ulizungushwa palepale, madumu yakiwa bado juu. Fundo lilelile, mawili kwa mawili. Rimu ziligongwa, zikalia vizuri. Tulimwomba atuazime mpaka Ijumaa, nasi tumwachie mapana yetu mawili mapya.

Athumani alitutazama kwa huruma.

"Mnanipa mapya makubwa, nawapa makuukuu madogo? Mzee Mbaraka, nyumbani kwako wote wazima?"

"Wazima. Fungua nati kabla sijapona."

Alhamisi asubuhi tuliondoka mawingu yakiwa yameshuka. Bibi Shamba alishika usukani, mimi kiti cha kushoto, mbegu nyuma chini ya turubai. Kabla ya kupanda alikuwa ameyazunguka matairi yale, akalipiga moja teke.

"Fidelis, haya si ya mkokoteni wa Athumani?"

"Ndiyo, Bibi Shamba."

"Ndani kuna nini?"

"Upepo mtupu."

"Apa."

Nikaapa. Nyuma yetu lilikuja gari la Ndugu Lazaro, jipya, na matairi mapana ya kashata ambayo mwezi mmoja nyuma ningeyaonea wivu.

Tulipoifikia mbuga, njia ilikuwa imegeuka uji mweusi. Bibi Shamba alisimama kabla ya kuingia, akaweka gia ya chini na magurudumu yote manne yavute, akavuta pumzi, akaingia. Hakukanyaga mafuta kwa hasira wala hakuzungusha usukani ovyo. Nilisikia matairi yakikata, yakakata, kisha chini yetu kitu kigumu kikatupokea. Gari lilikwenda likiguna, polepole, likiwa limenyooka. Nilikuwa nimeshika kishikio kwa mikono miwili, na mdomo wangu ulikuwa ukisema sala niliyofundishwa na mama.

Nilipogeuka nyuma, gari la Ndugu Lazaro lilikuwa linakwenda ubavu. Magurudumu yake yalikuwa mandazi manne makubwa meusi. Dereva alikanyaga mafuta, tope likaruka juu ya turubai, na gari likakaa chini taratibu mpaka kwenye ekseli.

"Bibi Shamba! Wamekwama!"

"Nimeona kwenye kioo."

"Hatusimami?"

"Tukisimama hapa tutakuwa wawili. Na mvua hii ikikolea hakuna pamba mwaka huu. Wale wa kijijini wana watoto, Fidelis."

Akaendelea. Tulifika kijijini, tukapokelewa kwa vigelegele, tukashusha mbegu, tukakataa chai, jambo ambalo lilihitaji maelezo marefu. Tulirudi mchana. Bibi Shamba aliwapita kwenye tope, akaliacha gari kwenye ardhi ngumu mwanzo wa mbuga, upande wa mjini, nami nikaingia kwenye tope na kamba nene ya katani niliyoitoa kwetu kambini. Ndugu Lazaro alikuwa amesimama pembeni, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini, mstari wa pasi haupo tena. Alifunga kamba mwenyewe. Alifunga vizuri, lazima niseme.

"Pole, Ndugu," alisema Bibi Shamba landrova yake ilipokwisha kulivuta gari likatoka. Hakutabasamu. Mimi nilikuwa nimegeukia upande wa pili kwa sababu nilishindwa kujizuia kucheka.

Mjini watu wote walikuwa wanasubiri kuona Ndugu Lazaro atafanyaje na maneno yake. Wengine walisema atadai njia ndiyo iliyokwama. Ijumaa nilirudisha magurudumu ya Athumani, naye akanikabidhi mapana yetu kwa shingo upande, akisema wateja walikuwa wameanza kumheshimu. Ijumaa hiyohiyo mchana, gari jipya la Ndugu Lazaro liliondoka Kilosa kwenda Morogoro na barua aliyoisaini yeye mwenyewe. Kwa Bibi Shamba aliandika mstari mmoja: abaki na landrova yake, na apewe membamba mengine mawili.

Jumatatu, mimi na Bibi Shamba tulikuwa tunapakia mbegu, mimi nimeshakaa kiti cha kushoto, tulipomwona Ndugu Lazaro akija kwa miguu kutoka ofisini. Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Kwapani alikuwa na faili, na mkononi chakula kimefungwa kwenye kitambaa.

"Bibi Shamba," alisema, "nina mkutano upande wa Mikumi. Kuna nafasi?"

Bibi Shamba aliitazama landrova yake kuanzia boneti mpaka turubai, kama mtu anayehesabu.

"Ipo, Ndugu. Fidelis, panda nyuma."

Nikapanda juu ya magunia ya mbegu, na huko ndiko nilikokaa mpaka masika yalipokwisha.